Buni Tumboni mwa Rwezaura

Watu wa Nyabiyonza wakishaamua kukusifu, huna pa kukimbilia. Watakusifu kisimani, watakusifu msibani, watakusifu mpaka uone haya kupita njia kuu. Mwaka ule wa 1957 waliamua kumsifu Mzee Placidius Rwezaura, na kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa hajafa.

Rika lake lote lilikuwa limekwisha. Wale waliochunga naye ndama kabla ya tauni kufagia ng'ombe, hakubaki hata mmoja wa kumwuliza, "Unakumbuka?" Yeye bado alikata mikungu yake mwenyewe, bado alipanda kilima cha kanisani bila kupumzika, na meno yake, ajabu hiyo, yalikuwa bado yanatafuna buni. Basi Jumatatu moja Katekista Yustus, kijana mwenye maneno mengi na nia njema, akaja nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee Placidius."

"Marahaba. Kuna nini? Wewe huji bure."

Yustus akacheka. "Jumapili ni sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu. Padri atakuja. Misa ikiisha, watu wakishakaa uani kula, tunataka usimame uwaambie vijana siri ya umri wako. Padri mwenyewe ameniambia: mzee yule ni ushahidi kwamba imani na upendo hurefusha maisha. Nani hajui? Hakuna msafiri aliyepita hapa akalala nje. Yatima umelea sita. Mgonjwa akibebwa kwa machela, bega la kwanza ni lako."

Rwezaura akasikia kitu kinajipindua tumboni, upande wa kushoto wa kitovu. Akaweka mkono pale, kama alivyokuwa akiuweka kila siku kwa miaka thelathini na moja.

"Nitaona," akasema.

"Ah, ataona huyo!" Kokubanza mkewe akadakia kutoka jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. "Hata posa yangu alisema ataona. Nenda, mwanangu. Jumapili utamkuta amevaa kanzu."

Yustus akaenda zake akicheka. Kokubanza yeye hakucheka. Alitoka jikoni, akamtazama mumewe na ule mkono wake tumboni.

"Buni imeamka?"

"Imeamka."

"Basi waambie kweli."

"Kweli ipi, mama?"

"Loh! Unaniuliza mimi? Nilikuwepo."

Na kweli Kokubanza alikuwepo.

Sasa nitawaambia habari ya hiyo buni, maana vijana wa siku hizi wanaijua kahawa ya kupima kwenye mizani tu. Zamani buni ilifunga watu. Ukiipasua kahawa mbivu unakuta punje mbili zimelala uso kwa uso. Wawili waliopendana walikaa mkekani, kila mmoja akajichanja karibu na kitovu, akaipaka punje yake damu, kisha kila mmoja akameza punje ya mwenzake. Kuanzia hapo wewe ni munywani wake, yaani ndugu wa kuchanjiana, na udugu huo ulishinda wa tumbo moja. Walikuwa na maneno yao ya kuapia: "Nikija uchi, nivike. Nikija na njaa, nilishe. Nikija nimelowa, nifungulie mlango. Atakayemkana mwenzake, buni hii ivimbe tumboni mwake, imwue."

Rwezaura alichanjiana na mtu wa Kyerwa aitwaye Kahigi. Walijuana njiani, katika misafara ya kupeleka kahawa Bukoba, mzigo kichwani, siku nenda siku rudi. Safari moja, wakirudi, Rwezaura alishikwa na kuhara damu. Wenzake wa kijiji kimoja, watu aliocheza nao utotoni, walimlaza pembeni mwa njia wakasema watamtumia watu. Wapi! Ni huyu Kahigi, mgeni kabisa, aliyetupa bunda lake la nguo, ujira wake wa msafara mzima, akambeba mgongoni siku tatu mpaka Nyabiyonza. Alimfikisha kwa mama yake, yeye Kahigi mchafu kuanzia shingoni hadi visigino, na hakulalamika. Mwezi uliofuata wakameza buni.

Haya. Ukaja mwaka wa 1926. Rwezaura ana mke, ana watoto, ana umri wa miaka arobaini na kitu, naye ni mkatekumeni. Miaka minne alikuwa anafundishwa dini. Zilikuwa zimebaki siku nane abatizwe, jina la Placidius limekwisha kuchaguliwa, na Katekista wa wakati ule, marehemu Elpidius, alikuwa amewaambia waache hirizi, waache kutambikia, waache viapo vya damu. Mtu akionekana ameshikilia mambo hayo, jina lake lingefutwa katika orodha. Rwezaura aliitaka ile Jumapili kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa anaipenda dini kwelikweli, msidhani nasema kwa kejeli.

Alasiri moja mvua ilikuwa inamwagika. Wakatekumeni wenzake wawili walikuwa wameketi barazani kwake wakijifunza sala kwa moyo. Mara wakamwona mtu anaingia kwa lango la migombani, amelowa chapachapa, ana mtoto mgongoni amefunikwa ngozi ya mbuzi. Mtu akaita kwa furaha toka mbali:

"Munywani wangu! Rwezaura! Nifungulie, nimelowa!"

Alikuwa Kahigi. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa na homa kali, anampeleka Bukoba kwenye dawa. Alitaka moto na pa kulala usiku mmoja tu.

Wale wawili barazani wakageuka kumtazama Rwezaura.  Naye akaona orodha ya Elpidius, akaona jina lake linakatwa mstari. Akasimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mimi sina munywani. Mambo ya damu nimeyaacha. Nenda kwa wenzako wa shetani."

Mtoto alikohoa. Kokubanza alikuwa ndani, kando ya moto, akakisikia kikohozi kile, akafungua kinywa aseme, kisha akakifumba. Naye jina lake lilikuwa katika orodha ileile.

 Kahigi alikuwa ameshika mkononi buni za kutafuna, zile ambazo mgeni na mwenyeji hugawana. Akainama, akaziweka kizingitini taratibu, akamvuta mtoto juu mgongoni, akarudi mvuani. Jumapili Rwezaura akabatizwa. Maji yalipomgusa kichwani alilia, na watu wakasema tazama neema.

Kahigi hakuonekana tena Nyabiyonza. Rwezaura hakuuliza habari za mtoto. Wasafiri wa Kyerwa walipita kwake wengi, aliwapa ndizi za kupika, aliwapa rubisi, ile pombe ya ndizi, aliwatandikia nyasi mpya, akawauliza habari za mvua, za ng'ombe, za chifu, ila la mtoto hakuuliza. Aliogopa jibu.

Na aliisubiri ile buni. Kila tumbo lilipomkata alijua ndiyo hiyo, imevimba. Ilipopita wiki akasema itakuja mwezi. Ulipopita mwaka akaanza kuwa mwema kwa hofu. Msafiri akilowa, yeye ndiye wa kwanza kukimbia na mkeka. Mtoto akifiwa, huyo kwake. Machela ikipita, bega lake chini yake. Watu wakaona upendo, yeye akajua ni mtu anayemhonga Mungu kidogokidogo. Miaka ikaenda, yatima wakakua wakamwita baba, akawapenda kweli, hata hofu na upendo vikachanganyika asijue kipi kinamwamsha asubuhi.

Mtaniuliza, kwa nini hakuungama? Aliungama kila kitu: hasira, uvivu, hata mkungu aliowahi kuiba utotoni. Hili lilimkaa kooni. Akisema nimemkana munywani wangu, padri si atamwuliza, kumbe bado unaamini viapo vya damu? Na akisema haamini, mbona basi anashika tumbo? Alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo miaka thelathini na moja akizunguka jambo lilelile, kisha akainuka na kwenda zake.

Na sasa wanataka asimame mbele ya Padri na vijana, aseme siri ni imani na upendo.

Jumanne asubuhi alichukua fimbo. "Nakwenda Kyerwa," akasema.

"Kwa miguu hiyo?" Kokubanza akauliza.

"Nitamkuta au nitalikuta kaburi. Siwezi kusimama Jumapili bila kujua."

Kokubanza akafunga kanga kiunoni, akatwaa kikapu. "Twende."

"Wewe baki, mama. Dhambi ni yangu."

"Tangu lini? Wewe ulisema, mimi nikanyamaza. Tuligawana, baba watoto. Usinidhulumu fungu langu."

Walitembea siku mbili, wakapumzika kila penye kivuli, wakalala kwa watu wasiowajua waliowafungulia bila kuwauliza jina. Jambo hilo lilimchoma Rwezaura kila mlango ulipofunguliwa. Alhamisi mchana, mbele ya Rubwera, walionyeshwa mji wa Kahigi katikati ya migomba mizee.

"Yu hai?" Rwezaura akamwuliza aliyewaonyesha.

"Kahigi? Huyo hafi! Nenda tu."

Uani palikuwa na mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, anaanika buni juu ya mkeka, amewapa mgongo. Rwezaura akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, akaamkua kwa Kinyambo, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa. Mwanamke akaendelea kutandaza buni zake. Rwezaura moyoni akasema, amenijua, ana haki. Akageuka kuondoka.

"Msogelee mbele akuone," sauti ya mzee ikatoka ndani. "Adelgunda hasikii. Hasikii tangu utoto. Ni nani huko?"

Rwezaura akafungua kinywa, jina lake likakataa kutoka.  Ni Kokubanza aliyesema, "Ni watu wa Nyabiyonza, baba. Tumekuja kwa miguu."

 Kisha mzee akatoka akipapasa ukuta, macho meupe, hayaoni kitu, mwili mkavu lakini umenyooka. Akanyoosha mikono mpaka ikamfikia Rwezaura usoni. Ikashuka mabegani, ikashuka mbavuni, ikafika tumboni upande wa kushoto wa kitovu, ikaukuta mkono wa Rwezaura mwenyewe pale.

Kahigi akacheka, akacheka mpaka akakohoa. "Uko hai! Mjinga wewe, uko hai kweli! Nilijua, lakini kujua siyo kugusa."

Rwezaura akaanguka magotini. "Nilikukana."

"Ulinikana sana. Nilisikia vizuri, na siku zile hata macho nilikuwa nayo."

"Mbona huna hasira?"

"Nani kakwambia sikuwa nayo? Kaa, mtu mzima hapigi magoti kwenye buni za watu." Akamvuta akaketi pembeni mwa mkeka. "Usiku ule tulilala chini ya migomba. Nilikulaani, Rwezaura. Nilisema buni ivimbe, ikuue. Kulipokucha nikashtuka. Mimi nilikubeba siku tatu nikisema usife, usife, sasa nimekuua kwa neno moja? Nikamwambia Rugaba, Mungu Mgawaji: yule mjinga wa Nyabiyonza, mwache aishi leo. Leo tu, maana sikuwa nimekusamehe vya kutosha kukuombea zaidi ya siku moja."

"Kisha?"

"Kisha ikaja kesho yake. Ningefanyaje? Kiapo kinauma kila siku, si mara moja. Nikasema tena. Nikazoea. Nilibatizwa miaka kumi baada yako, padri akasema tuwaombee adui zetu. Nikamwambia ninaye mmoja tu, na ni ndugu yangu, na kazi hiyo nimeshaianza. Watu hapa wananiuliza kwa nini sifi. Nitakufaje? Nikilala moja kwa moja, nani atakuombea kesho asubuhi?"

Rwezaura alilia kwa sauti, uzee wote ule, mbele ya mkewe. Umri wote waliokuwa wanausifu Nyabiyonza, kumbe ulikuwa unaombwa huku, asubuhi kwa asubuhi, na mtu aliyemfukuza mvuani. Alipoweza kusema akauliza lile aliloliogopa.

"Na masikio ya mtoto? Ni mvua ile?"

Kahigi akapapasa buni za mkekani. "Mjane mmoja wa Ihanda alitupokea kesho yake. Homa ilishuka siku ya tano. Akaamka, akawa hasikii. Huenda homa ingeyachukua masikio hata kama angelala kando ya moto wako. Huenda isingeyachukua. Sijui, nawe hutajua. Langu nimekusamehe zamani. La kwake siwezi kulisemea."

Basi Rwezaura akainuka akamwendea Adelgunda. Alikuwa na maneno mengi aliyoyabeba miaka yote, na hapa palikuwa na mtu wa kuambiwa ambaye hawezi kuambiwa. Akatoa buni mfukoni, akazitandaza kwenye kiganja, akajionyesha kidole kifuani, akaonyesha mbingu na mvua, akajikunja kama mtu mwenye mtoto mgongoni, akaonyesha mlango uliofungwa. Hakujua kama anaeleweka. Machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kidevuni.

Adelgunda alimtazama mikono, kisha uso. Alielewa. Ilionekana jinsi uso wake ulivyokaza. Hakuchukua buni. Alimpita, akaingia ndani, na Rwezaura akabaki amenyoosha kiganja.

Mawingu yalikuwa yamejaa tangu adhuhuri, na sasa matone ya kwanza yakaanza. Kokubanza akakimbilia kukusanya buni za mkekani. Adelgunda akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na mganda wa nyasi mbichi, akazitandaza ndani kando ya moto, nene, kama anavyotandikiwa mgeni wa heshima. Akarudi mlangoni. Akamshika Rwezaura mkono, hakutabasamu hata kidogo, akamwingiza ndani kabla hajalowa.

Nyasi zile zilimwuma Rwezaura kuliko angepigwa mawe. Alilala juu yake siku mbili. Adelgunda alimpa chakula kwa wakati, alimletea maji ya kunawa, na buni kiganjani mwake hakuzichukua.

Siku ya kuagana, Kahigi alimshika mkono akasema, "Sikiliza, munywani. Mimi nimechoka. Kuanzia Jumatatu ni zamu yako."

"Nikuombee nini?"

"Leo tu. Usizidishe, utachoka."

Lori la kununua kahawa liliwapakia mpaka karibu na kwao, na Jumapili Misa ikawakuta kanisani. Ilipoisha, watu wakaketi uani, ndizi zimepangwa majanini, rubisi imetiwa vibuyuni, na Yustus akapiga makofi. "Sasa mzee wetu atatupa siri!"

Rwezaura akasimama. Hakuvaa kanzu ya sikukuu. Vumbi la Kyerwa lilikuwa bado miguuni.

"Mnasema imani na upendo," akaanza. "Ni kweli. Ila si vyangu." Kisha akawaeleza yote: msafara, mgongo wa Kahigi, buni, orodha, mvua, maneno aliyosema mlangoni. "Marehemu Elpidius alinifundisha kuacha damu. Hakunifundisha kumwacha mtu. Hilo nilijifundisha mwenyewe, nikaliita dini. Mtoto wa mtu hasikii mpaka leo. Mimi nina miaka hii yote kwa sababu aliyenibeba alikataa kunitua. Mkitaka siri, iko Kyerwa, haioni, na haijawahi kunisifu."

 Mmoja wa wale wawili wa barazani alikuwepo, siku zile kijana, sasa naye ana mvi; aliinamisha kichwa. Padri aliinuka, akatangulia kwenye kiti cha maungamo, na Rwezaura akamfuata.

Jumatatu kulipoanza kupambazuka, Rwezaura akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono ulikwenda tumboni kwa mazoea. "Rugaba," akasema, "yule mjinga wa Kyerwa, mwache aishi leo." Hilo lilitoka. Kisha akafika kwenye jina la Adelgunda, akakwama. Hakujua aanzie wapi. Akaanza mara mbili, mara mbili sauti ikamkatikia.

Nyuma yake Kokubanza alikuwa naye amepiga magoti. Aliona mumewe hawezi. Akafungua kinywa amwombee Adelgunda, na safari hii hakukifumba.